Ukifika Australia Fuata Mto Darling: Maelekezo kwa Watu wa Arusha na Moshi

Ndugu zangu wa Arusha na Moshi, wewe mwenye mtoto au dada anayesoma Sydney, na hasa nyie madereva wa utalii mnaoalikwa na wageni mliowazungusha Serengeti, mkifika kule msiishie kupiga picha baharini. Tafuteni gari mkafuate mto Darling, huko bara ndani ya jimbo hilo hilo la Sydney, New South Wales. Kutoka mji wa Bourke mpaka Wentworth ni kama kilomita 730, sehemu kubwa ni rafu rodi, nchi tambarare yenye udongo mwekundu, na mto unajipinda katikati ya mikalatusi mikubwa ya zamani. Wenyeji wenyewe, Wabarkindji, wanauita Baaka, na bado wanaupigania mpaka leo.

Sasa kubwa kuliko yote ni mvua, hapo nisikilize vizuri. Kandokando ya mto udongo ni mfinyanzi, aina ile ile ya udongo wa mbuga tunaoujua sisi, ikinyesha kidogo tu unajaa kwenye matairi mpaka usukani haufanyi kazi, na kule wakiona hivyo wanafunga barabara kabisa, wanaweka kibao, ukipita ni faini kubwa na hakuna mazungumzo. Kwa hiyo ratiba iwe na siku za ziada, usikate tiketi ya ndege ya kesho yake baada ya kumaliza safari. Kila asubuhi kabla hujawasha gari angalia Live Traffic NSW, ni programu ya serikali ya jimbo (NSW ni New South Wales) inayoonyesha barabara ipi imefungwa, afu uliza na pale sheli au baa maana wenyeji wanajua jana imenyesha wapi. Ukikuta imefungwa tulia hapo hapo mjini, kula, lala, subiri ikauke. Dereva aliyezoea kukwamua magari Ndutu anaweza kujiamini akasema ntapita tu, jamani usipite, unaiharibu barabara ya watu ambao greda linawafikia kwa nadra, na ukikwama unaweza kukaa kutwa nzima hujaona gari lingine.

Nenda kati ya Juni na Agosti. Mchana hali ni nzuri, usiku baridi kali kweli, beba koti lile la kupandia mlima sio sweta la sokoni. Desemba mpaka Februari joto linapita nyuzi 40, mi nisingempeleka mtu na watoto muda huo.

Gari: wanaendesha kushoto kama kwetu na leseni yetu ina Kiingereza, hapo hamna shida. Shida iko kwenye mkataba wa kukodi, kampuni nyingi haziruhusu gari lao kutoka kwenye lami, ukipata ajali kwenye vumbi bima hailipi, soma mkataba mstari kwa mstari na waambie wazi kabisa unapita wapi, ukodi foo wili inayoruhusiwa kwa maandishi. Spea taya ziwe mbili zikiwezekana, na kipimo cha upepo na pampu ndogo, kwenye rafu punguza upepo kidogo na punguza mwendo, ukirudi kwenye lami jaza tena. Wese jaza kila mji mkubwa hata kama tenki liko nusu, yaani Bourke, Wilcannia, Menindee, vijiji vya katikati kama Louth na Tilpa usivitegemee mpaka umepiga simu kwanza. Maji ya kunywa beba ya kutosha na ya akiba juu yake, ya mto usinywe, Machi 2023 pale Menindee samaki mamilioni walikufa kwa kukosa oksijeni kwenye maji.

Laini ya simu chukua Telstra, ndo inafika mbali zaidi, ila kati ya mji na mji mtandao unakata kabisa, so pakua ramani mapema na umwambie mtu unatarajia kufika wapi saa ngapi. Namba ya dharura ni 000. Na jua likianza kuzama paki gari, kangaruu wanatoka jioni na alfajiri wanakatiza bila kuangalia, emu nao, wale ndege wakubwa kama mbuni, hivyo hivyo. Geti la shamba ukilikuta limefungwa lifunge, ukilikuta wazi liache wazi, hiyo ni heshima kwa mfugaji na mifugo yake, Mmasai yeyote atakuelewa.

Njiani usikimbie. Kabla ya Bourke, ukiweza, anzia Brewarrina uone mitego ya samaki ya mawe iliyopangwa mtoni na wenyeji toka zamani sana. Bourke pita makaburini, amezikwa Fred Hollows, daktari wa macho aliyefariki 1993, taasisi yenye jina lake imetibu macho ya watu mpaka Afrika Mashariki, na hapo hapo makaburini kuna kimsikiti kidogo cha mabati cha wale Waislamu walioletwa pamoja na ngamia kubeba mizigo jangwani enzi hizo, ndugu zetu Waislamu simameni mwasomee dua. Tilpa kuna baa ambayo ukichangia hela kwa madaktari wanaoruka na ndege kufuata wagonjwa vijijini unaandika jina lako ukutani, changia. Wilcannia ilikuwa bandari ya meli za mto zilizobeba manyoya ya kondoo, majengo ya mawe bado yamesimama.

Ila ukiwa na siku moja tu ya kupoteza ipoteze Mungo. Unakunja kushoto ukiwa eneo la Pooncarie, kijiji kilicho kati ya Menindee na Wentworth. Ni ziwa lililokauka maelfu ya miaka, na hapo ilipatikana mifupa ya mwanamke 1968 na ya mwanaume 1974, watu kama sisi walioishi miaka kama 40,000 iliyopita. Sisi tunaotoka jirani na Oldupai tunaopeleka wageni kuona lilipopatikana fuvu la kale la Zinj 1959 tuna sababu ya kusimama pale kwa adabu. Mifupa huioni, imezikwa tena, na kwenye vile vilima vya mchanga huruhusiwi kutembea bila mwongozaji mwenyeji, mlipe umsikilize, anajua kazi.

Kutoka Pooncarie kwenda Wentworth ni lami, unafika Darling unapoingia kwenye mto Murray, kuna mnara wa kupanda uone maji ya rangi mbili yanavyokutana. Mildura iko karibu, ina uwanja wa ndege, gari unaweza kuliacha huko ila uliza bei mapema maana kurudisha gari mji mwingine wanachaji hela nyingi.