Kuhamisha banda la maonesho la chuma

Banda lililofungwa kwa bolti linaweza kutoka viwanja vya Nane Nane Tabora likasimama tena Urambo au Nzega bila kupoteza umbo. Jumba la chuma na kioo la Crystal Palace, alilolibuni Joseph Paxton, lilisimama Hyde Park, London, kwa maonesho ya 1851. Likafunguliwa upya Sydenham mwaka 1854, tena likiwa kubwa zaidi. Siri ilikuwa vipimo vinavyojirudia: nguzo zilipangwa kwa futi 24, na unene wao kwa nje ulikuwa mmoja. Nguzo yenye mzigo mkubwa iliongezwa chuma kwa ndani, hivyo mihimili ilishika popote.

Mabanda yetu mengi hayako hivyo. Fundi hutoboa kwa kukadiria, na kila kipande kinaingia mahali pake tu, si pengine. Kwa hiyo kabla ya kugusa spana, chora ramani: safu A, B, C, nguzo 1, 2, 3. Andika namba kwa rangi ya mafuta, daima kwenye ncha inayotazama mashariki. Chaki itafutwa na mikono ya wapakiaji. Nguzo zikishang'olewa, chapa matundu ya kitako cha kila moja kwenye plaiwudi, nayo uipe namba.

Ondoa mabati, kisha papi zinazoyabeba, halafu kenchi (fremu za paa), mwisho nguzo. Vyuma vya mshazari viache hadi kenchi zote zishuke. Ukivitoa mapema, fremu nzima inalala upande. Nati yenye kutu imwagie dizeli jioni, ufungue asubuhi.

Kazi ianze baada ya 8 Agosti na msingi uishe kabla ya mvua za Novemba. Kwa banda la mita 6 kwa 8, kona kwa kona lazima isome mita 10 pande zote mbili. Shikilia bolti za nguzo kwa ile plaiwudi yenye matundu unapomwaga zege, uliache siku 7 ukilimwagia maji. Wakati wa kusimamisha, kaza nati kwa vidole tu mpaka kenchi ya mwisho ikae. Hapa ndipo wengi huharibu: wakikaza kona moja kabisa, upande wa pili matundu hayakutani.

Bati la zamani lirudi kwenye papi yake, kwa msumari mnene zaidi wenye mpira. Matundu yanayobaki yazibe kwa lami.

Sakafu iwe ya zege. Crystal Palace iliteketea usiku wa 30 Novemba 1936, na mbao kavu za sakafu pamoja na upepo mkali viliukimbiza moto. Kama lazima utumie mbao, fagia takataka chini yake kabla ya kila maonesho, na nyaya za umeme zipite ndani ya paipu.