Binti akikataa kula: jinsi ya kuielewa anoreksia kabla hamjaanza kugombana mezani

Hapa Uganda mtu akikonda majirani wananong'ona silimu, jina lililobaki toka miaka ya 1980 ukimwi ulipokua unamaliza watu kule Rakai. Wengine watasema vidonda vya tumbo, wengine amerogwa. Mpeleke apimwe kwanza, virusi, TB, sukari, sababu hivo vinakondesha kweli. Majibu yakirudi safi na bado anakwepa chakula, usitulie, inaweza kua anoreksia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu ajinyime chakula.

Mdogo wangu alikua anapasua matoke kwa uma, anayasukuma mpaka yanafunika mchuzi wa karanga, alafu anasema "nimeshiba dada, nilikula shuleni". Saa saba mchana, jua linawaka, yeye kavaa sweta mbili. Hedhi ilikua imekatika miezi minne na hakumwambia mtu.

Elewa hivi: njaa anaisikia. Kinachomtesa ni hofu ya kunenepa, na hata akibaki mifupa anajiona mnene. Sababu sio moja. Kuna cha kurithi kwenye ukoo, kuna wasiwasi na ile tabia ya kutaka kila kitu kiwe sawasawa kabisa, kuna kubalehe, kutaniwa mwili, kuumizwa utotoni, na mara nyingi inaanzia kwa dayati ya kawaida tu, au kufunga ambako hakuishi.

Alafu njaa yenyewe inageuza akili, na hapa ndio wazazi wengi tunakosea. Marekani, mwaka 1944 hadi 1945, wanaume 36 wenye afya walijitolea kupunguziwa chakula miezi sita, wakaanza kuwaza chakula usiku na mchana, kukatakata vipande vidogo, kukaa na sahani muda mrefu, kujitenga na wenzao. Na hao hawakua na anoreksia! Kwahiyo ukimwambia "kula tu" unaongea na akili ambayo njaa imeshaibana.

Ongea naye mbali na chakula, mkifua nguo au mkitembea, mwambie umeona anasikia baridi, anapata kizunguzungu, unaogopa kumpoteza. Usitaje kilo. Wakati wa kula kaa naye mpaka mwisho, bila kumsimanga.

Ila kama amekaa siku nyingi karibu bila kula, tafadhali usimshindilie chakula kingi kwa mara moja, madini ya damu kama fosfeti yanashuka ghafla na moyo unaweza kusimama. Hapo ni daktari ndio anapanga. Akizimia au mapigo ya moyo yakiwa polepole sana, hospitali siku hiyohiyo. Kwa matibabu ya akili kuna hospitali ya Butabika hapa Kampala, na hospitali nyingi za rufaa za mikoa zina kitengo hicho, usione aibu ya majirani, ugonjwa huu unaua.

Akianza kupona wageni watakuja na "eh, umenenepa!", kwetu hiyo ni sifa lakini kwake ni kisu. Wapokee mlangoni, uwaambie mapema wasiguse habari za mwili wake.