Kuandika hadithi fupi ya mila inayoumiza, bila kupaza sauti

Hadithi ya aina hii haitishi kwa damu. Inatisha kwa sababu watu wake ni kama majirani zako: wanataniana, wanaulizana bei ya mbolea, wanamfanyia mwenzao unyama, kisha wanawahi nyumbani chakula kisipoe. Ukawaida huo ndio mtaji wako, na ukiutumia wote kwenye ukurasa wa kwanza huna kitu tena.

Mfano mzuri wa kujifunzia ni “The Lottery” ya Mmarekani Shirley Jackson, iliyotoka katika jarida la The New Yorker toleo la tarehe 26 Juni 1948. Kijiji cha watu wapatao 300 kinakusanyika uwanjani asubuhi ya jua zuri, tarehe 27 Juni, kupiga kura kwa vikaratasi. Anayeangukiwa na karatasi yenye doa jeusi anapigwa mawe na wenzake. Hata mwanawe mdogo anapewa vijiwe mkononi. Hamna jini wala mzuka, na bado mwandishi alipokea barua zaidi ya 300 kiangazi kile. Wapo waliouliza mila hiyo inafanyika wapi, waende kutazama.

Isome mara mbili. Mara ya pili shika kalamu uzungushie kila mahali mawe yanapotajwa. Yanajitokeza mapema, kuanzia aya ya pili, watoto wakichagua yaliyo laini na ya mviringo kama wanaocheza, halafu yanaachwa yapoe mpaka karibu na mwisho.

Tengeneza mila kabla ya wahusika. Iandike pembeni kwa sentensi tano: hufanyika lini, nani huanza, kifaa ni kipi, mtu huchaguliwaje, watu hufanya nini wakimaliza. Sababu usiiandike. Wanakijiji wenyewe wawe wameisahau nusu. Kwa Jackson sanduku la kura limechakaa, vipande vya mbao vimegeuzwa karatasi, maneno ya kufungulia shughuli yamesahaulika. Kinachokumbukwa bado ni mawe. Igeni hapo: sherehe ichakae, ukatili ubaki mzima.

Mawe yenyewe msiyaige, yana mwenyewe. Tuchukue kijiji cha kubuni ambako kila mwaka, baada ya mavuno, nyumba moja hufungiwa salamu. Kikombe cha bati hufudikizwa kizingitini, na kuanzia hapo hakuna wa kumsalimu mwenye nyumba wala kumwitikia mpaka mvua zijazo. Hakuna tone la damu, lakini kwa msomaji aliyelelewa kwa shikamoo na marahaba, huko ni kuzikwa ukiwa unatembea. Ukatili unaoanzia kwenye jambo ambalo msomaji amelifanya asubuhi ya leo humfikia haraka kuliko wowote wa panga.

Kijiji kisiwe cha kabila lolote lililopo. Ukilitaja, hadithi inageuka shutuma, na msomaji wa kabila jingine anapumua: kumbe ni wale. Kwa sababu hiyohiyo epuka “Hapo zamani za kale”. Ufunguzi wa ngano unaisukuma habari mbali na kumwahidi msomaji funzo mwishoni. Weka bodaboda na vocha ya simu ndani yake.

Tumia njeo, yaani nyakati za kitenzi, kama silaha. Hapa Kiswahili kina kifaa ambacho waandishi wengi hukipita tu. Kiambishi hu- ni sauti ya mila: hakitaji wakati, na kinakula hata kiambishi cha nafsi. Mimi hufunga, wao hufunga, kijiji hufunga. Ndani ya kitenzi hamna mtu. Ongeza kauli ya kutendwa, “kikombe hufudikizwa alfajiri”, na mtenda anatoweka kabisa. Theluthi ya kwanza ya hadithi iende hivyo, kwa sauti ya mtu anayeeleza ratiba ya mnada. Siku yenyewe ikifika, hamia kwenye -li- na -ka-, na mikono ionekane: “Halima akachukua kikombe, akakifuta kwa upindo wa kanga, akakifudikiza.” Jambo lililokuwa la wote sasa ni la Halima. Ukichanganya njeo hizi tangu mwanzo, mshtuko huo unapotea na hutajua ulipotelea wapi.

Msimulizi awe wa nafsi ya tatu na asihukumu. Linganisha:

“Wanakijiji wale katili walimtenga bibi kizee maskini kwa sababu ya mila yao potofu.”

“Mtoto wa Halima alipita na ndoo kichwani. Bi Salama, ambaye hakuwa amekiona kikombe, akatangulia: ‘Hujambo, mjukuu wangu?’ Mtoto akabana midomo, akamtazama mama yake aone kama amepatia. Mama akampokea ndoo.”

Sentensi ya kwanza imeshatoa hukumu yote, msomaji amebaki kutikisa kichwa. Katika ile ya pili hakuna hata kivumishi kimoja cha lawama, na kinachoumiza ni mtoto kutaka sifa.

Panda vidokezo vitatu, visizidi. Kwa hadithi ya maneno 1,500 hadi 2,500 vinatosha. Cha kwanza kiwe ndani ya maneno 150 ya mwanzo na kivae sura ya mchezo: watoto wanashindana kubana midomo, atakayesema kwanza ameshindwa. Cha pili ni kifaa, mathalani kikombe kinachooshwa pamoja na vyombo vingine ingawa hakinywewi. Cha tatu ni mtu mzima anayeitikia salamu kwa kuchelewa kidogo. Kila kimoja kikae katikati ya sentensi inayozungumzia jambo jingine, maana kikiwa mwishoni mwa aya kinapiga kelele.

Mpe mzee mmoja msemo. Kwa Jackson, mzee aliyeiona kura hiyo mara 77 ana kimsemo cha vina kinachounganisha Juni na mahindi. “Mwacha mila ni mtumwa” kitakuvutia, lakini msomaji anakijua, atakuona unamkonyeza. Tunga kipya kinachosikika cha kale, chenye vina na mizani sawa: “Kinywa kifungoni, mavuno shambani”, silabi sita kwa sita. Mzee akiseme mara moja, akitafuna. Hiyo ndiyo sababu pekee ya mila itakayotolewa.

Mwathirika naye asiipinge mila, alalamikie utaratibu tu. Mama wa hadithi ya Jackson anafika amechelewa, anatania kuhusu vyombo vyake, watu wanacheka. Zamu ikiangukia nyumba yake ndipo anadai mumewe hakupewa muda wa kutosha kuchagua. Bi Salama aseme, “Mwaka juzi ilikuwa upande huuhuu.” Kinaya chote kimo humo.

Rasimu zikiharibika, mara nyingi ni kwa njia hizi. Msomaji akibashiri mapema, angalia mawingu meusi na bundi wako, uvifute. Mwisho ukionekana umedondoka kutoka hewani, kidokezo cha kwanza kimechelewa. Kijana msomi akisimama kuhutubia dhidi ya mila, mpunguze abaki na sentensi moja. Kwa Jackson upinzani ni tetesi kwamba kijiji kingine kinafikiria kuiacha na kwamba kwingine wameshaiacha, na mzee anawaita wapumbavu. Majina kama Mzee Jeuri yaachie vitabu vya kukariri majazi, yaani majina yanayotangaza tabia ya mhusika, kwa mtihani. Na aya ya mwisho ya rasimu ya kwanza karibu kila mara ni ya kukatwa, kwa kuwa ndimo mwandishi hueleza alichokwisha kuonyesha.

Kisha mpe mtu asome bila kumdokeza lolote, umsimamishe mwisho wa ukurasa wa kwanza, akusimulie alichokiona. Akiutaja mchezo wa kubana midomo kwa wasiwasi, umeupaza mno. Uchanganye na kukimbizana na kurushiana mpira. Mwache amalize. Asiporudisha kurasa kuutafuta, urefushe kwa sentensi moja na umtafute msomaji mwingine, kwa sababu huyu hawezi tena kukupima.