Jinsi ya kuandikisha roketi ya RP-3 kwenye rejista ya makumbusho

Kabla hujashika futi kamba, tafuta karatasi. Nataka maandishi ya mtaalamu wa mabomu yanayosema roketi hii, ambayo Waingereza waliirusha kutoka kwenye ndege katika Vita Kuu ya Pili, imeondolewa baruti, kichwani na kwenye bomba pia, na namba ya kwenye karatasi ilingane na iliyogongwa kwenye chuma. Karatasi haipo? Usiinyanyue, usiigonge, usiisogeze hata kidogo. Funga chumba, waite wenye kazi yao. Watu huogopa kichwa wakasahau bomba. Kichwa cha RP-3 cha ratili 25 ni chuma kitupu kisicho na kilipuzi, lakini bomba la nyuma yake lilibeba kordaiti, baruti ya kuisukuma roketi, kilo 5 hivi, na kordaiti iliyozeeka haina adabu.

Ukishapata karatasi, anzia mkiani. Wageni wote hukimbilia kichwani, na ndiko wanakopotea. Kichwa cha roketi hii ya Waingereza kilifungwa kwa nyuzi za skrubu kwenye bomba, na kilichaguliwa kulingana na shabaha. Kwa hiyo kichwa na bomba ulivyoletewa huenda havikuwahi kukutana vitani. Mimi huviandika mistari miwili tofauti kwenye rejista, kila kimoja na alama zake.

Mkiani utakuta mapezi manne bapa, yamekaa msalaba. Chungulia kama kuna masalia ya waya wa umeme. Ulichomekwa kwenye bawa, na rubani akibonyeza kitufe ndio uliowasha roketi. Hata kikibaki kipande kifupi chenye mpira uliopasuka, kipige picha kabla mtu hajakifagia.

Kisha pima bomba: inchi 3, yaani milimita 76. Kichwa cha ratili 60, chenye kilipuzi, ni kinene mara mbili ya hapo. Cha ratili 25 kinakaribia unene wa bomba lenyewe. Vilikuwepo pia vya zege, vya mazoezi. Hivyo vikipakwa rangi vinadanganya, ila ukilaza tochi ubavuni, punje za mchanga zinajitokeza chini ya rangi.

Tochi hiyohiyo usiiweke mbali. Ilaze karibu na bomba, uizungushe polepole, herufi zilizofifia zitasomeka. Ziandike kama zilivyo, palipokatika acha pengo, usijazie kwa kukisia. Na tafadhali, mafuta ya kung'arishia yakae kabatini. Rangi ikishasuguliwa hairudi.

Kibao cha maelezo ndicho kinachonitoa jasho. Ndege ya kivita ya Waingereza, Typhoon, ilibeba roketi 8, nne kila bawa, na kila mtu anataka kibao kiseme “muuaji wa vifaru”. Mimi sikiandiki hivyo. Roketi isiyoongozwa ikishatoka kwenye reli yake chini ya bawa huwezi kuigeuza, na njiani inashuka. Watafiti wa Uingereza walipokagua vifaru vya Wajerumani baada ya mapigano ya Mortain, Ufaransa, Agosti 1944, waliona vilivyoharibiwa na roketi ni vichache mno kuliko marubani walivyodai. Kama chako ni kichwa cha ratili 25, andika habari za baharini: tarehe 23 Mei 1943 ndege ya Swordfish kutoka HMS Archer, meli ya Waingereza ya kubeba ndege, iliipiga nyambizi ya Wajerumani U-752 kwa roketi, na nyambizi hiyo haikurudi bandarini.