Jinsi ya kupima mali kwa jicho la Confucius

Kwanza toa kichwani ile dhana kwamba Confucius, yule mwanafalsafa wa China ya kale, alichukia hela, hakuchukia, ye alichouliza ni imepatikanaje, maana utajiri wa dhuluma kwake ulikuwa kama mawingu yanayopita tu. Kwahiyo anzia hapo, hela imetoka wapi?

Halafu cheki nani anaongezewa. Mwanafunzi wake Ran Qiu alikuwa anaitumikia familia ya Ji kule Lu (dola ndogo ya China ya kale), watu washashiba mali, na bado akawakusanyia kodi wazidi kunenepa. Mwalimu akamkana kabisa, akawaambia wenzake wapige ngoma wamshambulie! Mi hapo ndo nilimwelewa huyu mzee.

Wingi usikuzuge pia, angalia mgao.

Ukitaka hesabu kabisa nenda kwa Mencius, mwanafalsafa aliyekuja baadaye akafuata mafundisho yake: chukua shamba la mu 900 (mu ni kipimo cha ardhi cha Kichina), kata vipande 9, familia 8 kila moja ipate mu 100, kile cha katikati wanalima wote kwanza kwa ajili ya serikali ndo kila mtu aende kwake. Vyeo vilibaki palepale (usije ukadhani wote walilingana), ila hakuna familia inakosa pa kulima.