Taa ya injini imewaka: pima kabla ya kununua spea

Mwongozo huu unalenga Toyota Wish na Premio za injini ya 1ZZ-FE (1.8), zilizojaa barabara za Kampala, lakini upimaji ni uleule kwa magari mengi ya petroli.

Msimbo unaosomwa na mashine hautaji spea ya kununua. Unasema kipimo gani kimetoka nje ya kiwango. P0171, kwa mfano, ina maana hewa imezidi petroli. Watu wengi hukimbilia sensa ya oksijeni, na mara nyingi sensa hiyo ndiyo iliyosema kweli.

Hatua ya 1: Tazama taa inavyowaka. Ikiwa imetulia na gari linavuta vizuri, fika nyumbani taratibu. Ikiwaka na kuzimika, kuna silinda inayomisi: petroli isiyoungua inaingia kwenye eksozi na kuunguza masega (kichujio cha kusafisha moshi, yaani katalisti). Egesha, zima injini. Taa nyekundu ya oili ikiwaka au joto likipanda, zima papo hapo.

Hatua ya 2: Soma msimbo kabla mtu hajagusa betri. Kuchomoa betri hufuta msimbo pamoja na kumbukumbu ya hali ya injini wakati hitilafu ilipotokea. Tundu la pini 16 liko chini ya dashibodi, upande wa dereva. Kifaa cha kusomea msimbo cha ELM327 cha Bluetooth na programu ya Torque kwenye simu vinatosha. Baadhi ya magari ya zamani ya soko la Japani hayazungumzi na ELM327. Hapo unganisha pini ya 4 na ya 13 kwa waya, fungua swichi bila kuwasha injini, kisha hesabu taa inavyowaka na kuzimika. Usiguse pini ya 16. Ina umeme wa betri moja kwa moja.

Hatua ya 3: P0301 hadi P0304. Tarakimu ya mwisho ni silinda inayomisi. Namba 1 iko upande wa mkanda. Injini ikishapoa, toa kifuniko cha plastiki, fungua bolti ya koili kwa spana ya 10, ubadilishane koili hiyo na ya jirani. Futa msimbo, endesha. P0301 ikigeuka P0302, koili imekufa: nunua moja, si nne. Isipohama, hamisha plagi vivyo hivyo. Ikigoma bado, pima injekta na kompresheni.

Koili ikiwa nje, chungulia shimo la plagi. Maji yanatokana na kuosha injini kwa presha. Oili maana yake gasketi ya kifuniko cha valvu imechoka, na koili mpya itakufa vilevile usipoibadilisha. Ukienda Kisekka, soko la spea la Kampala, beba koili ya zamani mkononi. Ya 1ZZ-FE ni 90919-02239, ya injini ya 1NZ-FE (1.5) ni 90919-02240. Ukiambiwa “hii inaingia tu”, linganisha namba kwanza.

Hatua ya 4: P0171. Kwenye programu soma LTFT (kiasi cha petroli ambacho kompyuta ya gari imezoea kuongeza au kupunguza); ndani ya asilimia 10 juu au chini si tatizo. Ikiwa juu sana injini ikiwa sailensa (inanguruma bila kukanyagwa mafuta), halafu ikashuka kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika, hewa inapenya mahali: kagua mpira mkubwa baada ya chujio na mipira midogo ya vakyumu. Ikizidi kupanda gari likivuta mlima, shuku pampu ya petroli au filta yake. Vumbi la murami nalo huchafua sensa ya hewa. Ipulizie dawa yake maalumu, iache ikauke, usiiguse kwa kitambaa.

Hatua ya 5: P0420, yaani masega hayasafishi moshi inavyotakiwa. Tibu kwanza kumisi na uvujaji wa eksozi. Masega yana platini na paladi, yana soko kubwa. Yakitolewa, rudi nayo nyumbani.

Hatua ya 6: Gereji. Kubaliana na fundi kwamba kila spea iliyotolewa utakabidhiwa. Taa kuzimika si ushahidi kwamba gari limepona: kwa hitilafu nyingi Toyota husubiri ijirudie safari ya pili ndipo iiwashe. Endesha siku chache, soma misimbo inayosubiri na LTFT, ndipo umalizie salio.