Kubadili Saizi ya Tairi Bila Kuitesa Giaboksi: Hatua kwa Hatua

Wateja wanaotaka matairi makubwa huuliza mambo mawili: yataingia kwenye rimu, na yatasugua bodi? Ni maswali ya maana, ila giaboksi haijui rimu wala bodi. Inachokihisi ni umbali ambao gari husogea kila tairi linapozunguka mara moja. Kwa hiyo lichukulie tairi kuwa gia ya mwisho kwenye safari ya nguvu, inayotoka kwenye injini ikapita klachi au toki konveta (inayoshika nafasi ya klachi kwenye otomatiki), giaboksi, propela (shafti ndefu ya chini ya gari) na difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu). Ukibadili kipenyo cha tairi, umebadili uwiano wa gia zote kwa mkupuo mmoja, rivasi ikiwemo.

Hatua ya 1: Tafuta saizi halali ya gari

Usisome tairi lililopo, huenda mwenye gari wa kwanza alishalibadili. Soma kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva au kitabu cha gari. Mara nyingi utakuta saizi zaidi ya moja. Yoyote kati ya hizo unaweza kuifunga bila wasiwasi, maana mtengenezaji ameshazikubali kwa gari hilo.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya kipenyo

Chukua 265/65R17. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni urefu wa ubavu kama asilimia ya upana huo, ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi.

265 × 0.65 = 172.25. Ubavu uko juu na chini, kwa hiyo zidisha mara mbili: 344.5. Rimu ni 17 × 25.4 = 431.8. Jumla: milimita 776.3.

Sasa tuseme unataka 285/70R17. Kwa hesabu hiyo hiyo unapata 830.8. Gawanya kwa 776.3, jibu ni 1.07. Tairi jipya limezidi kwa asilimia 7.

Rimu kubwa peke yake haikupi tairi kubwa. 195/65R15 ina kipenyo cha milimita 634.5, na 225/45R17 ina 634.3. Rimu imepanda inchi 2, lakini uwiano wa gia umebaki ule ule.

Hesabu hii ni ya makaratasi. Matairi ya kampuni mbili yenye saizi moja yanaweza kutofautiana kidogo, na tairi lililobeba gari hubonyea. Ukitaka uhakika, jaza upepo sawasawa, weka alama ya chaki kwenye tairi na chini, sukuma gari mpaka alama irudi chini, kisha pima umbali huo kwa futi kamba.

Hatua ya 3: Amua kama giaboksi itavumilia

Kanuni ninayoifuata: tofauti isiyozidi asilimia 3, endelea. Kati ya 3 na 5, angalia kazi ya gari. Linalobeba mizigo au kuvuta tela mlimani silifungi. Ikizidi 5, usifunge matairi hayo mpaka umepanga pia kubadili uwiano wa difu.

Tazama kinachotokea kwa ile asilimia 7. Kwa mwendo ule ule, injini na shafti za giaboksi zinazunguka polepole zaidi. Wapo wanaofurahia hilo wakidhani wataokoa mafuta. Lakini msukumo unaofika chini umepungua, na ili gari lipande mlima kama zamani, giaboksi, propela na difu lazima zipitishe nguvu ya kuzungusha iliyozidi kwa asilimia 7 hiyo hiyo. Juu yake ongeza uzito: tairi pana lenye meno makubwa ni zito, na uzito ulio mbali na kitovu cha gurudumu ni mgumu kuuanzisha na mgumu kuusimamisha. Breki nazo zinaumia.

Kwenye gari la gia za mkono, anayelipa kwanza ni klachi. Gia ya 1 imekuwa nzito, kwa hiyo dereva analazimika kuitelezesha klachi muda mrefu zaidi kila anapoondoka.

Kwenye otomatiki, anayelipa ni oili. Toki konveta inapoteleza huzalisha joto, na chini ya mzigo itateleza kwa muda mrefu zaidi kabla ya kujifunga. Utaona pia giaboksi inapanda gia ya 4, injini inashindwa, inarudi ya 3, inapanda tena. Kila badiliko linasugua sahani za klachi zilizo ndani. Oili ikifika nyuzi 120 za Selsiasi na kuendelea, inazeeka haraka sana, na oili iliyozeeka hailindi sahani hizo. Giaboksi nyingi za otomatiki zinakufa kwa joto.

Kwa CVT, yaani otomatiki isiyo na gia za hatua bali ukanda na puli, nina msimamo mkali: baki kwenye saizi ya kiwandani. Ukanda wake wa chuma hupitisha nguvu kwa kubanwa na kuta za puli, na ukianza kuteleza unachuna puli zenyewe.

Tairi dogo halina ukatili huo. Giaboksi inapata mzigo mwepesi, ila kila kitu kinazunguka kasi, mafuta yanakwenda na kelele inaongezeka. Hakikisha tu tairi lina uwezo wa kubeba uzito wa gari.

Hatua ya 4: Kwa gari la 4x4, linganisha matairi yote manne

Hapa sina mjadala. Saizi moja, muundo mmoja, na uchakavu unaokaribiana. Mbele na nyuma zikitofautiana kipenyo, shafti zake haziwezi kuzunguka sawa, na ile tofauti inamalizikia kwenye transfa au kapulingi ya katikati (vifaa vinavyogawa nguvu kati ya mbele na nyuma), saa zote gari linapotembea kwa 4x4. Kapulingi inachemka mpaka inaungua. Subaru, kwa mfano, wanataka tofauti ya mzingo isizidi robo inchi, yaani milimita 6 hivi. Ndiyo maana tairi moja likipasuka wakati mengine yamelika nusu, kununua moja jipya hakutoshi.

Hatua ya 5: Rekebisha difu na kompyuta

Zidisha uwiano wa difu kwa ile tofauti. Kama ni 4.10 (propela inazunguka mara 4.10 kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu), basi 4.10 × 1.07 = 4.39. Tafuta krauni na pinyoni (gia mbili kuu za ndani ya difu) zenye uwiano ulio karibu na hapo, mathalani 4.30. Ukiwa na mzigo wa kudumu, panda juu zaidi. Kwenye 4x4 badilisha difu ya mbele na ya nyuma kwa pamoja, la sivyo umejitengenezea tatizo la hatua ya 4.

Kisha kompyuta isomeshwe kipenyo kipya kwa mashine, kama gari linaruhusu. Bila hivyo, na difu ikiwa ya zamani, spidomita ikionyesha 100 wewe uko 107.

Hatua ya 6: Jaribu barabarani

Linganisha spidomita na GPS ya simu. Tafuta mlima, panda kwa mwendo wa kawaida, tazama mshale wa mizunguko ya injini. Mshale huo ukipanda na kushuka bila mguu wako kubadilika, giaboksi inahangaika. Kwenye gia za mkono, weka gia ya juu na ukanyage mafuta: mizunguko ikipanda bila mwendo kuongezeka, klachi inateleza.

Baada ya wiki chache za kazi, kagua oili ya otomatiki. Kama imekuwa nyeusi na inanuka kuungua, rudisha matairi ya zamani kwanza, badilisha oili na filta, ndipo uanze kuzungumzia difu.